Kofia ya Elia Haishoneki

Dutwa,
S.L.P. 63,
Bariadi, Shinyanga.
18 Agosti 1996

Mpendwa Mjomba Kasmiri,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya huko Tanga, wewe na Mama Thomasi na watoto wote. Je, kile kikohozi kinachokushika kila masika kimekuacha mwaka huu? Mama ameniagiza niulize hilo kabla ya neno jingine lolote, na amekaa hapa kwenye kigoda kuhakikisha kwamba nimeliandika. Nimeliandika. Sasa ameinuka kwenda kuchochea moto, kwa hiyo yanayofuata ni yangu mimi Januarius, mpwa wako fundi baiskeli.

Sisi huku hatujambo. Mama magoti humuuma asubuhi, lakini jua likishapanda humkuti ameketi. Mke wangu Anna hajambo, watoto hawajambo, na yule mdogo ameota meno mawili na anang'ata kila anayembeba. Mpunga ulitoka vizuri. Ng'ombe mmoja ndiye aliyetutia wasiwasi, yule mwekundu, naye amepona.

Pamba mwaka huu si haba. Ungekuja usingetambua utaratibu. Tulizoea chama kimoja na mzani mmoja, ukienda umechelewa unarudi na magunia yako. Siku hizi wanunuzi wamekuwa wengi, kila mmoja na turubai lake na spika yake inayopiga muziki kuanzia asubuhi, na mkulima anabembelezwa mpaka anaona haya. Wengine wana maneno matamu kuliko mizani yao, lakini tunajifunza kuwatofautisha.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikae chini na kalamu. Ni ile kofia ngumu uliyomnunulia Elia kwa yule mgeni wa karakana yenu aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Kofia hiyo haipo tena. Ilimwokoa Elia mwezi wa saba, kisha ikavunjika mikononi mwangu mbele ya mama. Huenda umeshaambiwa na wasafiri kwamba Januarius amevunja kofia ya mdogo wake kwa wivu. Ndiyo maana nataka uyasikie yote kutoka kwangu. Elia yu mzima, usishtuke.

Mmoja wa hao wanunuzi wapya alitangaza mashindano ya baiskeli ya siku ya Sabasaba, kutoka Bariadi mjini mpaka hapa Dutwa na kurudi. Zawadi ya kwanza ilikuwa baiskeli mpya, ya pili mabati. Walijiandikisha wanaume zaidi ya arobaini, wengi wao na baiskeli za kubebea magunia, wameng'oa keria na vifuniko vya cheni ili ziwe nyepesi. Mwenye kofia ngumu alikuwa Elia peke yake. Walimcheka kwamba amevaa bakuli.

Wakati wa kuja Elia alikuwa wa tatu. Kwenye ule mteremko wa kuingia Dutwa, mwenzake wa mbele aliyumba akikwepa shimo, magurudumu yakagusana, na Elia akaruka juu ya usukani. Kichwa kilipiga ukingo wa saruji wa kalvati. Mimi nilikuwa nimesimama hatua kama thelathini kutoka hapo, mjomba, na ule mlio niliusikia. Nilikimbia nikijua kwamba nakwenda kuokota maiti ya mdogo wangu.

Nilimkuta amekaa chini ananitazama. Akaniuliza kama pamba imeshapimwa. Nikamjibu imepimwa. Baada ya dakika chache akauliza tena, na tena, mpaka nikaacha kuhesabu. Tulimpeleka zahanati, mganga akammulika macho, akasema apumzike na asiachwe peke yake. Siku iliyofuata akili ilikuwa imerudi, ingawa safari yenyewe ya mashindano haikumbuki hata leo. Kichwa kilimuuma wiki mbili, halafu kikatulia.

Kuanzia hapo kofia ikapata jina. Watu walikuja kumpa pole Elia, wakimaliza pole wanaomba waoneshwe kofia. Waliigonga kwa vidole, wakaijaribu vichwani mwao, wakaondoka wakisema kwamba kofia ya Kasmiri ni kiboko. Mama aliitundika ukutani chini ya msalaba. Wale waliosema bakuli walikuwa wa kwanza kuuliza zinapatikana wapi.

Unanijua nilivyo. Baiskeli ikianguka siwezi kula vizuri mpaka nimeipekua yote. Ya Elia niliilaza juu ya gunia nikaanza na mbele. Ringi ilikuwa imepinda na spoku nne zimekatika, hilo hata mtoto angeliona. Waya wa breki ulionekana mzima, lakini nilipouvuta kutoka kwenye ganda lake nikakuta nyuzi tatu zimekatika ndani, mahali jicho halifiki. Foku inayoshika gurudumu la mbele nayo ilionekana imenyooka. Nikaipima kwa uzi pande zote mbili, nikakuta mguu mmoja umerudi nyuma kwa upana wa kucha.

Elia aliniomba niinyooshe tu. Nilikataa. Foku iliyopinda unaweza kuinyoosha ikanyooka, ukaipaka rangi ikapendeza, na siku moja mteremkoni ikakatika bila kukuaga. Hapo hakuna aliyenibishia. Chuma wanakijua, wameona majembe yaliyonyooshwa yakikatika mikononi mwao.

Glavu zake za ngozi zilichanika viganjani, nazo ndizo zilizomwachia ngozi yake. Anna alizitia viraka vya ngozi ya kiatu akazishona, zikawa nzuri kuliko mwanzo. Nakuomba uikumbuke hiyo kazi ya Anna, kwa sababu baadaye mama aliniuliza kwa nini glavu zishonwe na kofia isishonwe.

Kofia niliiacha mwisho. Kwa nje ilikuwa na mkwaruzo upande wa kushoto, basi. Nikabandua vile vitambaa laini vya ndani. Unajua kwamba chini ya lile ganda la plastiki kuna povu gumu jeupe, kama lile linaloshikilia redio mpya ndani ya boksi. Kwenye povu hilo nikaona ufa mwembamba kama unywele, umeanzia juu ya sikio umekwenda mpaka kisogoni. Nilipobonyeza kwa kidole gumba ulifunguka kidogo, nikiachia unajifunga.

Humo ndani palikuwa na kikaratasi cha Kiingereza. Nilikipeleka kwa Mwalimu Klementina, akakisoma mara mbili kimya kimya kabla ya kunitafsiria. Alisema kinaeleza kwamba povu hilo hupokea pigo zito mara moja tu. Likishapokea, kazi yake imekwisha, na kofia ibadilishwe hata kama inaonekana nzima. Nikamuuliza kama hakuna neno la kutengeneza. Akasema hakuna.

Sasa sikiliza kosa langu. Asubuhi ile nilikuwa nakwenda Nyalikungu, maana foku ya saizi ile Bariadi ilikosekana na nikaambiwa huko ipo. Basi lilikuwa limeshapiga honi. Mama alikuwa anapepeta mpunga, akaniuliza kofia ina nini mbona nimeikunjia uso. Nikamjibu nikiwa natembea kwamba kofia imepasuka. Neno moja hilo, nikapanda basi.

Nilikaa huko siku tatu nikisubiri foku iletwe. Niliporudi nikaikuta kofia mahali pake chini ya msalaba, na ufa haupo. Mama alikuwa ameishona.

Wewe ndiye mdogo wake, huhitaji mimi nikueleze mkono wa dada yako kwenye kibuyu. Wanawake wanamletea vibuyu vyao vya maziwa vilivyopasuka kutoka vijiji vya mbali, anatoboa vitundu pembeni mwa ufa, anapitisha uzi, anaziba kwa nta, na maziwa hayatoki hata tone. Kofia ameitendea vilevile. Katoboa povu kwa sindano ya magunia aliyoitia moto, akapitisha uzi wa katani, akakaza, akapaka nta. Mishono ishirini na saba, yote imelingana. Sijaona kazi safi kama ile, wala ya kutisha kama ile.

Kila kitundu kilikuwa kimelidhoofisha povu zaidi. Ule ufa sasa ulikuwa na mstari wa matundu kila upande, kama karatasi ya stempu unayotaka kuichana.

Kibaya zaidi, Elia alikuwa ameshaanza kuivaa. Yule mnunuzi alikuwa ametangaza mashindano mengine siku ya Nanenane, njia ileile, mteremko uleule. Elia alikuwa akiniambia kila siku nifunge foku haraka apate kufanya mazoezi. Nikamwambia foku nitafunga, lakini kofia ile asiiweke kichwani. Akanicheka. Akasema kofia hii imeshamtoa kaburini mara moja, tena sasa ina mkono wa mama na maombi ya mama, mimi ni nani niseme haifai?

Nilirudi kwake mara tatu kwa maneno ya upole. Mara ya pili nilimwita Mwalimu Klementina amsomee kikaratasi. Elia alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akasema wazungu huandika hivyo ili ununue nyingine. Na hapo nikiri, hata mimi nilisita, kwa sababu siku hizi kila anayeuza kitu ana karatasi yake.

Watu wakaanza kunong'ona. Wewe mwenyewe uliniona mwaka themanini na nne nikiwa wa pili, na mwaka uliofuata wa pili tena. Wakasema kaka mtu hakuwahi kushinda, sasa anatafuta sababu ya kumweka mdogo wake nyumbani. Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu hayakuwa uongo mtupu. Nilipokuwa naifunga ile foku mpya niliona ilivyokaa sawasawa, nikatamani ningekuwa mimi ninayeikanyagia pedeli. Lakini mjomba, nilikuwa nimesikia ule mlio wa kalvati. Mwenye wivu hawezi kuamka usingizini kwa mlio kama ule.

Kwa mama sikuthubutu kusema. Ningeanzaje? Ameketi siku mbili akishona, macho yenyewe hayaoni vizuri, halafu nije nimwambie kazi yake itamuua mwanawe? Nikanyamaza, nikawa namzunguka Elia peke yake. Huo ulikuwa woga, nao ndio uliofanya mambo yaishe vibaya.

Jumapili iliyotangulia Nanenane, tumetoka misa, tumekaa uani tunakula. Elia ameiweka kofia magotini anaifuta vumbi. Nikarudia maneno yangu, mama akiwa ndani nadhani hasikii. Elia akachoka nami. Akanitupia kofia, akasema kama imeoza basi niibonyeze, tuone.

Nilikusudia kuonesha tu, sikukusudia kuivunja. Niliishika kwa viganja viwili, huku na huku, nikabana kama unavyobana tikiti kusikia limeiva. Sikutumia nguvu ya fundi. Uzi wa mama, kwa vile ulikazwa vizuri, ulikata lile povu kama uzi unavyokata mche wa sabuni, mishono yote kwa mara moja. Kofia ikafunguka vipande viwili, ganda la plastiki likabaki linaning'inia katikati.

Nilipoinua macho nikamwona mama amesimama mlangoni na sahani ya mchuzi. Elia alikuwa ameduwaa. Alikuwa anatazama povu lile, halafu akajishika kichwa upande wa kushoto, polepole, mahali ufa ulipokuwa. Nadhani ndipo alipoelewa. Mimi sikumtazama sana, nilikuwa namwogopa mama.

Mama alikuja akaweka sahani chini. Alichukua kipande kimoja, akapitisha kidole kwenye matundu yake mwenyewe, akanitazama. Akasema, "Wewe uliniambia imepasuka."

Nikasema, "Ndiyo, mayu."

"Kinachopasuka mimi nakishona. Ndiyo kazi yangu tangu niko msichana. Kwa nini hukuniambia imekufa?"

Kila siku wateja wananiuliza nami nawaambia beringi imekufa, tairi limekufa, na hakuna anayeniletea uzi. Neno ninalolitumia kutwa nzima sikulitumia kwa mama yangu, kwa kuwa nilikuwa nakimbilia basi. Niliona aibu. Mama alikusanya vipande vyote akaenda navyo ndani, akafunga mlango.

Asubuhi nilidhani bado amekasirika. Nikamkuta amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu, ananisubiri. Akasema twende Bariadi tukatafute nyingine, na kwamba safari hii atachagua yeye.

Tulikwenda kwa Athumani, yule muuza mitumba wa sokoni. Siku hizi ana marobota mpaka darini, na kwenye kona ana tenga la kofia za kila namna. Alimwamkia mama kwa "mwangaluka mayu", Kisukuma chake cha dukani, akamtafutia stuli. Kwanza alituletea kofia ya wajenzi, ya njano. Mama akauliza kama Elia anakwenda kujenga. Akaleta ya pikipiki, nzito kama chungu cha maji. Mama akasema shingo ya mwanawe ni moja.

Mwishoni zilipatikana tano za baiskeli. Tatu nilizikataa kwa macho, moja ufa wazi, moja mkanda umeoza, moja klipu ya kidevuni haishiki. Mbili zilizobaki nilizipekua ndani na nje nikaridhika nazo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuuliza bei mama aliponinyang'anya ya kwanza. Akaiweka karibu na sikio, akaibana taratibu, akaigeuza, akaibana tena, kama anavyofanya kibuyu kikiletwa kwake na mwenyewe anaapa kwamba hakijaanguka. Akaiweka kando akasema inalia. Ya pili akaisikiliza zaidi, nayo akaiweka kando.

Nilizichukua nikazipeleka juani, nikabandua vitambaa vyote, nikatafuta kwa makini. Mjomba, ya kwanza ilikuwa na ufa chini ya gundi, mfupi kuliko kucha. Ya pili sijauona ufa wake mpaka leo, lakini sikuthubutu kumbishia tena. Nimeweka hilo akilini, na tangu siku ile fremu ikija kwangu imeanguka naigonga na kuisikiliza kabla ya kuitazama.

Athumani hakukasirika. Alizirudisha kwenye tenga akatuambia ukweli wake. "Shati nikilikunjua naona doa lake, mama. Hizi zimefika hapa na siri za wenyewe. Mwanao mimi nisingemvisha." Mkewe Bimdogo alitupa chai, tukanywa, tukaondoka mikono mitupu.

Tulirudi kwa baiskeli yangu, mama nimempakia keria. Tulipokuwa karibu na nyumbani akaniambia mgongoni, kwa sauti ndogo, kwamba niache kujilaumu kwa lile neno. Akasema hata ningemwambia imekufa pengine angeishona. "Sikushona ili iwe na nguvu, Januarius. Kila nikiutazama ule ufa naona kichwa chake. Nilitaka ufungwe nisiuone." Heri hakuwa ananiona uso.

Jioni ile alimwita Elia akamketisha mbele yake. Akakata kipande cha kanga, akakizungusha kichwani mwa Elia juu ya nyusi, akatia alama kwa mkaa. Kipande hicho ndicho utakachokikuta ndani ya bahasha hii. Tunakuomba, ukibahatika kupita duka la vifaa vya michezo huko Tanga au ukipata mtu wa kwenda Dar es Salaam, ututazamie kofia mpya kabisa, ambayo haijawahi kutoka dukani. Usitafute kwa mgeni anayeondoka, hata awe mkweli, maana hawezi kukumbuka kila mahali ilipoangukia. Ukishaijua bei niandikie, nami nitatafuta namna. Mama kwa upande wake amekuwekea kibuyu cha samli, na hicho amekishona mwenyewe, usiogope.

Nilimwambia Elia kwamba foku, breki na ringi vimekuwa vipya, baiskeli iko tayari kuliko ilivyokuwa Sabasaba. Kilichobaki ni kichwa, na hicho sina spea yake dukani. Wengine wote walikuwa wanashindana vichwa wazi, angeweza kufanya hivyo na hakuna ambaye angemshangaa. Alikaa na jambo hilo siku mbili. Jumatano akaenda mwenyewe kufuta jina lake, akarudi akalala bila kula.

Nanenane ilifika. Tulikwenda barabarani kama watu wote, Elia akakaa kwenye gunia tupu pembeni, karibu na kalvati. Wenzake walimpita wakienda kugeuza, wakampita tena wakirudi. Wengine walimwita jina, wengine walidhani anaumwa. Aliyekuwa anaongoza ni Deogratias, kijana wa Nyalikungu, ambaye mwaka jana na mwaka juzi Elia alimwacha mbali. Tulisikia baadaye kwamba ndiye aliyechukua baiskeli. Nilimtazama mdogo wangu akitazama vumbi lao mpaka likatua, na nikajiuliza kama nimemwokoa au nimemwibia.

Mama hajawahi kukaa kwenye mashindano. Siku zote husema ana kazi. Siku ile alikuja na sufuria ya michembe ya viazi vitamu, akajishusha pale kwenye gunia na magoti yake yale, akamwekea Elia sufuria mapajani. Watu walikuwa wameshaanza kutawanyika alipomwambia, "Siku zote ukishindana nakuona ukipita tu. Leo nimekuona tangu mwanzo mpaka mwisho."

Elia aliinamisha kichwa, na mama akakishika kwa mikono miwili, akakaa nacho hivyo. Mimi niligeukia baiskeli yangu nikawa nakaza nati ambayo haikuwa imelegea.

Ndivyo ilivyokuwa, mjomba. Anna anawasalimu sana. Elia anakupa shikamoo na anasema asante kwa kofia, akimaanisha ile ya kwanza. Mwalimu Klementina anakukumbuka kwa salamu. Msalimie Mama Thomasi na Thomasi mwenyewe, mwambie ahadi yangu ya kumfundisha kuunga cheni ipo palepale akija likizo. Msalimie pia Generoza, na umwambie shangazi yake Kwandu, yaani mama yangu, anataka kusikia habari za mtoto mchanga kwa mkono wake mwenyewe, si kwa kuambiwa.

Mwenyezi Mungu awafunike huko mliko, na atupe siku ya kuonana tukiwa wazima wote, tusipungue hata mmoja.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukuheshimu,

Januarius